Tunawapa warfarini, tunawanyima kipimo

Mgonjwa wa moyo anaweza kufa kwa kuvuja damu hali kila kidonge chake cha warfarini, dawa ya kupunguza kuganda kwa damu, alikimeza saa ileile aliyoelekezwa. Msiba ukishapita, ndugu hutafuta kosa: labda alizidisha, labda alichanganya vidonge, labda dawa ilikuwa bandia. Mara nyingi hakukuwa na lolote kati ya hayo. Nusu kidonge iliyomfaa Januari ilikuwa imeshamzidi Machi, kwa sababu katikati hapo aliumwa homa akakosa hamu ya kula, au aliharisha akapewa Flagyl, au ini lilianza kuchoka. Mwenyewe hawezi kulihisi badiliko hilo mpaka damu ianze kutoka. Kinachoweza kulionyesha mapema ni kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani, na hicho ndicho mgonjwa wa kijijini anachokifuata kwa basi, siku nzima, kama nauli ipo.

Nasema waziwazi: warfarini ikitolewa pamoja na kipimo ni dawa inayookoa maisha. Ikitolewa peke yake, ni hatari ambayo mfumo wa afya unamkabidhi mgonjwa akaibebe nyumbani. Nasi katika Afrika Mashariki tumezoea mno kuitoa peke yake.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi, maana ndiko hatari inakotoka. Ini hutengeneza protini kadhaa za kugandisha damu. Nne kati yake, namba 2, 7, 9 na 10, hazikamiliki bila vitamini K. Warfarini huzuia vitamini K isirudi kutumika tena, kwa hiyo protini hizo hutoka zikiwa pungufu. Lakini zile zilizokwisha kutengenezwa bado zimo kwenye damu, na namba 2 hukaa siku kadhaa kabla ya kuisha. Ndiyo maana dozi ya leo haionyeshi nguvu yake kamili hadi siku ya tatu, ya nne, hata ya tano. Aliyebadilishiwa dozi Jumatatu akapimwa Jumanne, majibu anayopewa ni ya dozi ya wiki iliyopita.

INR ya mtu asiyetumia dawa ni karibu 1. Wengi wanaotumia warfarini hutakiwa kukaa kati ya 2 na 3, na aliyewekewa vali (mlango wa moyo) ya chuma upande wa mitrali, yaani kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, hutakiwa kukaa juu kidogo, 2.5 hadi 3.5. Ikishuka, damu huganda kwenye vali, na bonge likichomoka huenda kuziba mshipa wa ubongo. Ikipita 4, hatari ya kuvuja hupanda kwa kasi, na ubongo uleule huumia safari hii kwa damu kumwagikia ndani yake. Nafasi ya usalama ni finyu kiasi hicho. Tena watu wawili wenye umri na uzito sawa wanaweza kuhitaji dozi zinazopishana mara kadhaa, kwa hiyo hakuna daktari, hata awe bingwa namna gani, anayeweza kuikisia dozi ya mtu kwa kumtazama.

Hata Marekani, yenye maabara nyingi na simu za dharura zinazopokelewa, dawa hii haijafugika. Utafiti uliochapishwa 2011 ulikadiria kuwa Wamarekani karibu 100,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi walikuwa wakilazwa kila mwaka kwa dharura zilizosababishwa na dawa, na warfarini peke yake ilihusika katika theluthi moja ya hao. Walio na maabara ndio hao. Sasa mfikirie asiye nazo.

Kwetu anayemeza warfarini mara nyingi si mzee. Aliumwa koo akiwa na miaka saba au minane, bakteria wa streptokoka hawakutibiwa kwa penisilini, kinga ya mwili ikageukia moyo, na homa ya baridi yabisi ikazila vali kidogo kidogo. Duniani watu wapatao milioni 40 wanaishi na ugonjwa huu, wengi wao katika nchi maskini, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Akifika miaka ya ishirini, msichana huyo anapanda mlima mdogo wa kwenda kisimani anahema kama amekimbia. Akibahatika, anapata nafasi ya upasuaji: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, au Tenwek huko Bomet, au Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Miaka ya nyuma wengi walilazimika kupelekwa India. Kwamba leo kazi hii inafanyika hapa nyumbani ni fahari ya kweli, na madaktari wetu wanastahili kila sifa wanayopewa.

Lakini upasuaji ni wa saa chache, na warfarini ni ya miaka yote iliyobaki. Ukisoma hesabu za miaka hiyo, fahari inapungua. Kliniki hupimwa ubora kwa kuangalia mgonjwa alikaa ndani ya kiwango kinachotakiwa kwa sehemu gani ya muda wake. Zinazofanya vizuri hufikisha asilimia 65 au zaidi. Utafiti wa vituo vitano vya Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa 2020, ulikuta mgonjwa wa katikati, yaani nusu ya wenzake wako chini yake na nusu juu, yuko kwenye asilimia 41 tu. Maana yake, zaidi ya nusu ya maisha yake mgonjwa huyo yuko ama kwenye hatari ya kiharusi cha bonge, ama kwenye hatari ya kuvuja, na yeye hajui ni ipi. Tena hao ni waliofika vituoni na kuhesabiwa.

Hatari ya kila siku, kwa maoni yangu, iko zaidi kwenye dirisha la duka la dawa kuliko kwenye wodi ya moyo. Mtu ameumwa mgongo baada ya kulima. Anakwenda duka la jirani, anaeleza maumivu, na hataji warfarini kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Anachomwa diklofenaki, dawa ya maumivu, takoni. Sindano hiyo moja imemletea dawa inayochubua utando wa tumbo, dawa hiyohiyo inazuia chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, zisishikane, na juu yake kuna tundu ndani ya msuli mnene ambamo damu inaweza kuvujia hadi paja livimbe na kuwa jeusi. Kwa mtu mwingine ni sindano ya kawaida inayotolewa kila siku kuanzia Mtwara hadi Kisumu. Kwa huyu inatosha kumuua. Anayeumwa na yuko kwenye warfarini apewe Panadol, ingawa nayo ikimezwa dozi kamili kwa siku nyingi mfululizo hupandisha INR.

Flagyl na Septrin, dawa tunazozimeza bila kufikiri, huzuia ini lisiivunje warfarini, na flukonazoli anayopewa mama mwenye fangasi hufanya vivyo hivyo. INR inaweza kuruka ndani ya siku chache. Rifampisini ya kifua kikuu ni kinyume chake: hulichochea ini liivunje warfarini upesi, hata dozi ikalazimika kuongezwa mara mbili, mara tatu, au zaidi. Miezi sita ikiisha, mgonjwa anapongezwa kwa kumaliza dawa za TB, anarudi nyumbani, na hakuna anayekumbuka kwamba dozi ya warfarini sasa inapaswa kushushwa. Wiki chache baadaye anakojoa damu. Kliniki ya TB imefanya kazi yake, kliniki ya moyo imefanya yake, na mtu ameumia katika nafasi iliyo baina yao.

Niseme neno pia kuhusu aspirini ndogo, ile ya miligramu 75, ambayo watu wazima wengi wanaimeza kila siku kwa ushauri wa rafiki ili kujikinga. Utafiti wa wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani, uliotolewa 2018, ulionyesha kuwa kwa wasio na ugonjwa wa moyo haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu. Iliwaongezea kuvuja damu kukubwa. Aliyewahi kupata shambulio la moyo, aliyewekewa stenti (kibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo), au aliyepewa aspirini na daktari wake wa vali, asiiache kwa kusoma makala hii. Lakini aliyeianza mwenyewe, na sasa ana warfarini juu yake, amwone daktari wiki hii.

Kisha kuna mboga. Wagonjwa wengi hutoka hospitali na agizo moja: acha mboga za majani. Agizo hilo ni baya. Mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga na sukuma wiki zina vitamini K nyingi, ni kweli, lakini kinachovuruga INR ni kubadilika kwa kiasi, siyo mboga zenyewe. Aliyepangiwa dozi wodini akila wali na nyama, akarudi kijijini wakati wa masika ambapo kisamvu ni kitoweo cha kila siku, INR yake itashuka na vali itakuwa hatarini. Aliyepangiwa dozi wakati wa masika, kiangazi kikija na dagaa, itapanda. Mfungo wa Ramadhani nao hubadilisha saa za kula na vyakula vyenyewe. Agizo sahihi ni: kula mboga zako kama ulivyozoea, kwa kiasi kinachokaribiana wiki hadi wiki, na majira yakibadilika, pima. Tunarudi palepale kwenye kupima.

Najua hoja inayokuja. Zipo dawa mpya zisizodai INR, dabigatrani, rivaroksabani na apiksabani. Kwa nini tung'ang'anie ya zamani? Kwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio lakini vali zake ni nzima, au mwenye bonge kwenye mshipa wa mguu, hoja hiyo ina nguvu. Dawa hizo husababisha damu kumwagikia ubongoni mara chache kuliko warfarini, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Ila mgonjwa wetu wa vali siye huyo. Majaribio ya dabigatrani kwa wenye vali za chuma, yaliyochapishwa 2013, yalisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu waliopewa dawa mpya walipata mabonge zaidi na pia walivuja damu zaidi. Mwaka 2022 yakaja majaribio ya INVICTUS, ya wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Hao walikuwa watu wetu hasa: moyo ulioharibiwa na baridi yabisi, pamoja na mapigo yasiyo na mpangilio. Waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, na kuvuja damu kukubwa hakukutofautiana kwa kiasi cha maana. Tena ushindi huo ulipatikana INR zao zikiwa mbali na ukamilifu. Kwa hiyo anayemhamishia mgonjwa wa vali ya chuma kwenye dawa mpya ili kumwondolea usumbufu wa kipimo, anamwondolea usumbufu na kinga kwa pamoja.

Na hata kwa wanaofaa kuzitumia, ahadi ya kutohitaji kipimo ina mipaka. Karibu asilimia 80 ya dabigatrani hutolewa mwilini na figo. Mzee ambaye figo zake zimepungua nguvu kwa presha au kisukari, na hakuna anayezipima, atakusanya dawa hiyo mwilini siku baada ya siku. Nchini Marekani kampuni ya Boehringer Ingelheim ilikubali mwaka 2014 kulipa dola milioni 650 kumaliza kesi zipatazo 4,000 za watu waliodai kuwa dabigatrani iliwavujisha damu. Mwaka 2019 Bayer na Johnson & Johnson wakakubali kulipa milioni 775 kwa kesi takriban 25,000 za rivaroksabani. Kampuni hizo hazikukiri kosa, nami sisemi dawa hizo ni mbaya. Nasema kipimo kikiitwa usumbufu na wauzaji, wanunuzi nao huacha kukitafuta.

Warfarini yenyewe ilitokana na mifugo kuvuja damu. Miaka ya 1920 ng'ombe wa kaskazini mwa Marekani na wa Kanada walikufa kwa wingi baada ya kula majani ya klova yaliyoota ukungu. Februari 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri katika dhoruba ya theluji akiwa na ng'ombe wake aliyekufa na kopo la damu iliyokataa kuganda, akafika kwenye maabara ya mwanakemia Karl Paul Link. Kutoka kwenye kopo hilo kazi ya miaka ilizaa sumu ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alitibiwa kwayo baada ya shambulio la moyo. Kwa hiyo anayemtisha mgonjwa kwamba anameza sumu ya panya anamweleza nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba dawa hii ina kiua-sumu chake, nacho ni vitamini K, na bei yake ni ndogo. Viua-sumu vya dawa mpya huuzwa kwa maelfu ya dola. Vitamini K iko kwenye wodi za wazazi, kwa sababu hupewa watoto wachanga wasivuje damu.

Basi kwa nini mtu afe hatua chache kutoka kwenye kabati lenye dawa yake? Kwa sababu anayempokea hajui kwamba anatumia warfarini. Anafika amechanganyikiwa, anatapika, kichwa kinamuuma kwa maumivu ambayo hajawahi kuyapata, na anadhaniwa ana malaria ya kichwa. Au ameanguka kwenye bodaboda, hana jeraha la nje, anaambiwa akapumzike nyumbani. Au kinyesi chake ni cheusi kama lami kwa siku tatu, na anapewa dawa za vidonda vya tumbo tu. Dalili hizo kwa mtu wa warfarini ni dharura kila moja, sawa na puani kutoka damu isiyokatika, mkojo mwekundu, au hedhi inayolowesha kila kitu. Aliyevuja vibaya anahitaji vitamini K ya mshipani, na kwa kuwa hiyo huchukua saa kadhaa kufanya kazi, anahitaji na plazma, majimaji ya damu ya mtu aliyechangia. Tofauti na huyo, ambaye INR imepanda kiasi lakini havuji popote mara nyingi husimamishiwa dozi moja au mbili na kupimwa tena. Akipewa vitamini K nyingi bila sababu na ana vali ya chuma, anasukumwa upande wa pili, wa bonge. Kujua yupi ni yupi, tena, ni kipimo.

Hospitali nyingi hujibu kuwa zinapima INR. Ninaomba jibu hilo lichunguzwe. Mashine ipo lakini vitendanishi vimeisha. Au damu imechukuliwa kwenye kichupa cha kizibo cha bluu lakini haikujaa hadi alama, na majibu yakatoka juu kuliko ukweli. Au sampuli imesafirishwa hadi saa zake zikapita. Jibu la wilaya zetu ni mashine ya mkononi, inayotumia tone la damu la kidoleni na kutoa majibu kwa dakika chache. Ina udhaifu wake: vijiti vyake vya kupimia ni ghali na havipendi joto, haiaminiki kwa mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, na ikionyesha INR ya juu sana inafaa kuthibitishwa na maabara. Hata hivyo nchi zilizoweza kusafirisha sampuli za wingi wa virusi vya UKIMWI kutoka zahanati za mbali haziwezi kusema hili limewashinda.

Na si nadharia. Katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, wafamasia waliendesha kliniki ya warfarini, na matokeo yaliyochapishwa 2011 yalilingana na ya kliniki za nchi tajiri. Hawakusubiri mabingwa wa moyo. Walikuwa na kipimo, mwongozo wa kubadilisha dozi, na mtu wa kumfuatilia asiyetokea siku yake. Hilo linaweza kufanywa na mfamasia au muuguzi wa hospitali ya wilaya mwenye simu ya kumpigia daktari wa moyo. Bohari ya Dawa ya Tanzania na KEMSA, mamlaka ya ugavi wa dawa ya Kenya, waviweke vijiti hivyo kwenye orodha zao, na bima inayolipia vali ilipie na kipimo cha kila mwezi, la sivyo fedha ya vali imepotea pamoja na mtu.

Limebaki la wasichana, nalo linanikera kuliko yote. Warfarini huweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, wakati ambao wengi hawajagundua kuwa ni wajawazito. Kuiacha ghafla kunahatarisha vali na mama mwenyewe, na heparini inayoweza kushika nafasi yake kwa muda ni ya sindano kila siku, kwa uangalizi wa karibu. Wapo wanaoyasikia haya kwa mara ya kwanza wakiwa na mimba. Daktari anayempangia msichana wa miaka 19 upasuaji wa vali amuulize mapema: utapenda kuzaa? Halafu amuulize unakoishi INR inapimwa wapi, na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi ngapi. Kama hakuna pa kupima, basi kuirekebisha vali yake badala ya kuibadilisha, au kumwekea ya kibiolojia, iliyotengenezwa kwa tishu za mnyama, isiyomfunga na warfarini maisha yote, kuwe chaguo linalozungumzwa naye na wazazi wake kwa uzito uleule wa vali ya chuma, hata ikijulikana kwamba vali hiyo itachakaa na pengine kabla ya miaka 15 atarudi tena kwenye meza ya upasuaji.